Maneno Yasiyokuwamo Katika Karatasi: Kikao cha Garsen Juu ya Sinema ya Tomaso

KANISA LA UKINGO WA MTO, MTAA WA GARSEN
KAMATI YA MAFUNDISHO NA SINEMA

Kumbukumbu za kikao cha nne cha mwaka 1956, kilichokutana Jumamosi, tarehe 18 Agosti, katika chumba cha darasa la pili, Garsen, kuanzia saa nane na nusu mchana.

Waliohudhuria:
Mzee Yona Komora, Mwenyekiti
Mwalimu Elisha Kaviha, mjumbe
Bibi Asenath Hiribae, mjumbe, upande wa Tarasaa
Bibi Priscilla Komora, mjumbe, upande wa akina mama
Nathan Karisa, Katibu (hana kura)

Walioalikwa:
Bw. Isaac Jilo, mwinjilisti na mfasiri wa sinema
Bw. Roble Dubow, mwenye duka, Garsen

Waliokosa kwa udhuru:
Mzee Dadhi Buya (homa)

Waliokosa bila udhuru:
Bw. Petro Bule. Wajumbe wawili walimwona kivukoni asubuhi, mzima.

KUMB. NA. 1/8/56: KUFUNGUA

Mwalimu Kaviha aliomba. Mwenyekiti alisema kwamba kikao hiki kina jambo moja tu kubwa na kwamba nakala itapelekwa kwa Baraza la Kanisa, ambako wengi hawatujui. Alimwagiza Katibu aeleze kila mtu ni nani. Katibu amefanya hivyo kadiri alivyoweza.

KUMB. NA. 2/8/56: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOTANGULIA

Zilisomwa. Mwalimu Kaviha alipinga neno "alifoka" lililotumiwa juu yake katika ukurasa wa pili, akataka liandikwe "alisema kwa mkazo". Bibi Asenath alisema yeye alikuwapo, na neno la kwanza lilikuwa sawa. Baada ya mazungumzo iliandikwa "alisema kwa sauti". Zikathibitishwa.

KUMB. NA. 3/8/56: BARUA KUTOKA OFISI YA SINEMA

Katibu alisoma barua ya Ofisi ya Sinema ya Misheni ya tarehe 30 Julai. Kwa ufupi ilisema hivi. Gari la sinema lilivushwa mto mwezi wa Julai na kuonyesha picha iitwayo *Tomaso Aacha Pombe* mara tatu: mara moja Tarasaa, mara mbili Garsen. Picha hiyo haina sauti ya watu; maneno yake yamepigwa taipu katika karatasi, na mfasiri huyasoma kwa Kipokomo watu wakitazama. Ofisi ilipata habari kutoka kwa mtu mwaminifu kwamba mara ya tatu mfasiri, Bw. Isaac Jilo, aliiweka karatasi chini akasema maneno yake mwenyewe. Ofisi ilitaka Kamati imwondoe katika kazi hiyo na kuchagua mfasiri mwingine. Kama Kamati haitaki, gari halitavushwa tena upande huu.

Bibi Asenath aliuliza huyo mtu mwaminifu ni nani. Mwenyekiti alisema barua haikumtaja. Mwalimu Kaviha alisema haoni faida ya swali hilo.

Kwa ajili ya Baraza, Katibu aeleza kwamba Mwalimu Kaviha ndiye mwalimu mkuu wa shule yetu, na kwamba mwezi wa Mei jina lake lilipendekezwa pamoja na la Bw. Jilo kwa kazi ya kufasiri. Bw. Jilo alichaguliwa kwa kura tatu dhidi ya moja.

KUMB. NA. 4/8/56: MAELEZO YA BW. JILO

Bw. Isaac Jilo ana miaka thelathini na miwili, ni mwenyeji wa Kinakomba, na amekuwa mwinjilisti katika mtaa huu miaka sita. Aliitwa aketi mbele. Mwenyekiti alimwuliza kama barua inasema kweli. Alijibu kwamba inasema kweli yote.

Mwenyekiti alimtaka aeleze picha yenyewe, kwa kuwa Mzee Buya, atakayezisoma kumbukumbu hizi akipona, hakuiona na Baraza nalo halikuiona. Bw. Jilo alieleza kwamba Tomaso ni mkulima anayekunywa pombe na rafiki zake. Anarudi nyumbani akipepesuka, anapiga meza, na mkewe, Marta, anajikunyata pembeni. Mhubiri anakuja kwa baiskeli, anazungumza muda mrefu, Tomaso anapiga magoti. Mara hiyo hiyo anaonekana amevaa suti, amebeba kitabu, shamba limestawi, na Marta anatabasamu mlangoni. Basi picha imekwisha. Yote huchukua kama dakika ishirini.

Alisema kwamba Tarasaa aliisoma karatasi neno kwa neno. Tomaso alipopepesuka watu walicheka. Alipopiga magoti walicheka zaidi, kwa sababu alipiga magoti vile vile alivyoanguka alipokuwa amelewa. Alipotokea na suti, watu waliinuka wakaenda zao kabla mashine haijazimwa. Bibi Asenath alithibitisha. Alisema yeye mwenyewe aliinuka.

Garsen mara ya kwanza ikawa vivyo hivyo. Bw. Jilo alisema kwamba siku iliyofuata alikaa nyumbani na ile karatasi akaisoma tena mara nyingi, akaona kwamba kosa haliko katika usomaji wake. Karatasi ina mistari arobaini na mmoja. Thelathini ni ya mhubiri. Marta hana hata mmoja.

Mara ya tatu, Marta alipotokea akijikunyata, Bw. Jilo aliikunja karatasi. Mwenyekiti alimtaka arudie alichosema, nacho kikaandikwa:

"Nilisema: Huyu ni Marta. Hii si mara ya kwanza. Mwaka jana aliahidiwa, wakati wa mafuriko aliahidiwa. Na pale mwishoni, anapotabasamu, nilisema: Marta anatabasamu kwa sababu kuna mgeni mlangoni. Mgeni akishaondoka, tutajua."

Alisema kwamba baada ya neno hilo la mwisho hakuna aliyecheka. Mashine ilizimwa, watu wakabaki wameketi chini. Mwendesha mashine aliwaambia mara mbili kwamba imekwisha.

Mwalimu Kaviha alimwuliza kama anakubali kwamba mfasiri anayesema yasiyoandikwa anadanganya. Bw. Jilo alijibu kwamba kosa lake ni kutowaambia watu kwamba maneno yalikuwa yake. Kosa hilo alilikubali. Alisema kwamba juu ya Marta hakudanganya.

KUMB. NA. 5/8/56: MAELEZO YA BW. ROBLE DUBOW

Bw. Roble Dubow ni mfanyabiashara Msomali, Mwislamu, na jirani mwema. Mara zote mbili za Garsen picha ilionyeshwa kwenye ukuta wa ghala lake, ambao ndio ukuta mweupe pekee hapa. Aliitwa kwa kuwa alimwambia Mwenyekiti kwamba ana neno kabla ya kutoa ukuta mara nyingine.

Alisema kwamba hakuja kusema juu ya dini ya watu. Alikuja kusema juu ya nguo. Maneno yake yaliandikwa kama alivyoyasema:

"Huyu Tomaso, akiwa mbaya, amevaa kanzu na kofia. Akiwa mzuri, amevaa suti kama Bwana D.C. Watu wangu wameketi pale, wazee wamekuja na ngamia mpaka hapa, wanatazama ukuta wangu mimi. Nauliza tu: aliyepiga picha hii, nguo ya mtu mwema anaijua?"

Aliendelea kusema kwamba mara ya kwanza wazee wake waliondoka wakiwa na uchungu na yeye alitaka kukataa. Mara ya tatu Bw. Jilo alisema kwa Kipokomo na kisha kwa Kiswahili kwamba kanzu ile Tomaso aliiazima kwa jirani yake mcha Mungu na hajairudisha, ndiyo maana ana aibu. Wazee walicheka, wakakaa mpaka mwisho. Bw. Roble alisema kwamba mkewe, Nurto, aliyekuwa ameketi na wanawake nyuma, alimwuliza nyumbani kama yule mama wa kwenye picha alipata amani baadaye. Yeye alimjibu kwamba hajui.

Mwenyekiti alimshukuru. Bw. Roble aliomba ruhusa kurudi dukani, akaruhusiwa.

Mwalimu Kaviha alisema kwamba habari ya kanzu ya kuazima ni uongo wa pili, tena haumo katika karatasi wala katika picha. Bibi Asenath alisema kwamba katika picha umo uongo mkubwa zaidi wa kanzu, na Mwalimu hakuulalamikia.

KUMB. NA. 6/8/56: JE, PICHA HII NI NZURI?

Mwenyekiti alisema kwamba kabla ya kumhukumu mfasiri ni lazima Kamati iseme neno juu ya picha, kwa kuwa Bw. Jilo amejitetea kwa ubaya wa picha.

Mwalimu Kaviha alieleza kwamba picha ya Kikristo haiulizwi kama inapendeza. Inaulizwa kama inafundisha kweli. Kweli yake ni kwamba pombe ni mbaya na kwamba Mungu humgeuza mtu. Mambo mengine, mwendo wa picha, uso wa huyu au yule, ni ya wenye ngoma. Alisema kwamba watu wa Tarasaa walicheka kwa sababu hawajazoea sinema, na wakizoea hawatacheka. Alisema pia kwamba kama kila mfasiri ataruhusiwa kutengeneza picha kwa mdomo wake, kila kijiji kitakuwa na Tomaso wake, na Misheni haitajua imefundisha nini. Katibu anaandika kwamba hoja hii ya mwisho iliwagusa wajumbe.

Bw. Jilo aliomba kujibu. Alisema kwamba hakubali kwamba uzuri wa picha ni jambo la pembeni. Watu wa mto huu wanawajua walevi. Wanajua mlevi hapepesuki namna moja kila siku, kuna siku anatembea wima na ndiyo siku mbaya kuliko zote. Wanajua tembo, pombe ya mti wa mkoma, hunywewa katika kibuyu na si chupa. Wakiona aliyetengeneza picha hakumtazama mlevi vizuri, wanajua pia kwamba hakumtazama aliyeokoka. Hapo hawaamini chochote kilichobaki. Kisha alisema neno ambalo Bibi Asenath aliomba liandikwe lilivyo:

"Picha hii inakimbilia mwisho kwa sababu yenyewe inaujua mwisho. Tomaso haujui. Marta haujui. Mimi niliwapunguzia mwendo tu."

Mwalimu Kaviha alisema kwamba wokovu unaweza kuja kwa siku moja, na kama Bw. Jilo halikubali hilo basi jambo si la sinema tena, ni la imani.

Hapo Mwenyekiti alisema kwamba atazungumza, si kwa kiti chake. Kwa ajili ya Baraza, Katibu aeleza kwamba Mzee Yona Komora, kabla ya kuwa mzee wa kanisa, alikuwa mgema na mnywaji anayejulikana toka hapa hadi Kipini. Ushuhuda wake husimuliwa kila Pasaka. Mwaka 1938 mwinjilisti alifika kwa mtumbwi, akahubiri ukingoni, na siku hiyo hiyo Mzee Komora alimwaga tembo lake mtoni akatupa na kibuyu. Hajaonja tena mpaka leo, miaka kumi na minane.

Mzee Komora alisema kwamba baada ya onyesho la tatu watu wawili walimwuliza kama mfasiri alikuwa akimsema yeye. Jambo hilo limemwumiza. Alisema: "Mimi ndiye Tomaso. Niligeuka siku moja. Mwinjilisti wangu mwenyewe anaposimama mbele ya watu na kusema 'mgeni akishaondoka tutajua', ananitia mimi shaka, na kazi ya Mungu juu yangu."

Bw. Jilo alisema kwamba hakumfikiria Mzee hata kidogo. Alimfikiria baba yake mwenyewe, ambaye aligeuka mara nne. Alisema hayo kwa sauti ndogo, na Katibu alilazimika kumwomba arudie.

Ilionekana kwamba kura inakaribia. Bibi Asenath alisema kwamba kuna mjumbe mmoja hajasema neno tangu kikao kifunguliwe, naye ni Bibi Priscilla. Mwenyekiti alisema hakuna haja. Mwalimu Kaviha alisema kwamba, kwa utaratibu, haja ipo: kanuni ya saba inataka kila mjumbe apewe nafasi kabla ya kura, na yeye asingependa uamuzi wa leo utenguliwe kwa kukosa jambo hilo.

Katibu alisoma kanuni ya saba. Ni kweli.

KUMB. NA. 7/8/56: MANENO YA BIBI PRISCILLA

Bibi Priscilla Komora ni mke wa Mwenyekiti tangu mwaka 1929. Aliuliza kama anaulizwa kama mjumbe au kama mke. Katibu alijibu kwamba kumbukumbu zinawajua wajumbe tu. Alisema basi ni vema.

Alisema hivi:

"Baba Lidia aliacha tembo siku moja. Ni kweli. Nilikuwapo, kibuyu nilikiona kikielea. Asiseme mtu kwamba haikuwa siku moja.

"Lakini mimi sikuacha siku hiyo. Jua likishuka na yeye hajarudi kutoka shambani, niliwachukua watoto nikawapeleka kwa mama mkwe, nikasema wanamsaidia kuchambua mboga. Kisha nilirudi nikakaa ndani nikisikiliza miguu yake njiani, inakwenda sawa au haiendi sawa. Ilikuwa inakwenda sawa. Kila siku ilikwenda sawa. Na kesho yake niliwapeleka tena watoto. Nilifanya hivyo miaka saba.

"Picha ile inasema Marta alifurahi. Na mimi nilifurahi. Kila Pasaka alipotoa ushuhuda nilifurahi, na watu walinitazama nami nikatabasamu. Nilifurahi huku nasikiliza miguu. Hakuna aliyeniuliza, maana mwenye habari alikuwa yeye. Isaac hakuniuliza pia. Lakini alipolisema lile neno pale ukutani, wanawake wote waligeuka kunitazama, na mimi nilikuwa nawatazama wao."

Katibu hakujua kama aandike au aache, akaendelea kuandika.

Baadaye Mwenyekiti alimwuliza, "Na mwaka wa saba kulitokea nini?"

Bibi Priscilla akajibu, "Hakuna kilichotokea. Siku moja ulikawia, giza likaingia, nikajikuta bado napepeta mpunga, na watoto wako hapo nami."

Mwenyekiti alisema, "Sikujua." Aliomba neno hilo liandikwe.

Bw. Jilo aliuliza, kwa heshima, kama Mama angemruhusu kulitumia jambo hilo la mpunga siku picha itakapoonyeshwa tena, kwa kuwa ndicho kitu kinachokosekana katika picha nzima. Bibi Priscilla alisema hapana. Alisema si la sinema.

Mwalimu Kaviha aliuliza kama Mwenyekiti angependa kikao kipumzike. Aliuliza kwa upole, na Katibu anaona ni haki hilo nalo liandikwe. Mwenyekiti alisema tuendelee.

KUMB. NA. 8/8/56: UAMUZI

Mwalimu Kaviha alipendekeza kwamba Bw. Jilo asome karatasi kama ilivyo, na kama ana la kuongeza aliseme baada ya mashine kuzimwa, kwa jina lake. Alisema kwamba kwa njia hiyo Misheni itapata haki yake na yeye yake. Wajumbe waliona ni pendekezo jema. Bw. Jilo alisema analishukuru lakini haliwezi. Maneno yanayosemwa baada ya picha ni mahubiri, na mahubiri watu wanayo ya kutosha. Marta anaonekana kwa muda wa pumzi tatu tu, na kama mtu hakuambiwa wakati huo amtazame, hatamtazama tena.

Mwalimu Kaviha alisema basi kura ipigwe.

Kura ilipigwa kama Bw. Jilo aondolewe. Waliokubali: mmoja. Waliokataa: wawili. Mwenyekiti hakupiga kura.

Ilikubaliwa hivi. Kamati itaandikia Ofisi ya Sinema na kukiri kwamba mfasiri alibadili maneno na kwamba alikosea kutowaambia watu. Kuanzia sasa, kabla ya picha kuanza, atasimama aseme wazi kwamba karatasi ya Misheni ina maneno mengine na kwamba haya ni yake. Ofisi inaombwa imwachie kazi kwa sharti hilo. Ofisi iambiwe pia kwamba picha ina makosa ambayo hakuna mfasiri anayeweza kuyaponya: kwamba mtu mwovu amevikwa nguo ya majirani zetu, kwamba mlevi wake si mlevi, na kwamba mke hana neno. Kama watatengeneza nyingine, waje kwanza wakae hapa msimu mmoja, watazame.

Bibi Asenath alitaka iongezwe kwamba Kamati haisemi hivi kwa kudharau sinema. Inasema kwa sababu watu walikaa.

Mwalimu Kaviha aliomba iandikwe kwamba yeye hakukubaliana, na kwamba gari lisipokuja lawama isiwe yake. Imeandikwa.

Katibu aliuliza kama KUMB. NA. 7 iingizwe katika nakala ya Baraza au iandikwe tu kwamba "Bibi Priscilla alichangia". Mwenyekiti alisema ataamua wakati wa kuthibitisha.

KUMB. NA. 9/8/56: MENGINEYO

Mabenchi mawili ya shule yaliyotumika siku ya picha hayajarudi. Mwalimu Kaviha alisema anajua yaliko. Hakutaja.

KUMB. NA. 10/8/56: KUFUNGA

Mwenyekiti alimwomba Bibi Priscilla afunge kwa maombi. Haijawahi kutokea katika Kamati hii. Aliomba kwa Kipokomo, kwa ufupi. Kikao kilitawanyika saa kumi na moja na robo. Mwenyekiti na mkewe walibaki ndani, na Katibu aliwaachia ufunguo.

MAELEZO YALIYOONGEZWA KIKAO CHA TANO KILIPOZITHIBITISHA KUMBUKUMBU HIZI, JUMAMOSI, TAREHE 20 OKTOBA 1956

Yaliyofuata barua. Katibu aliarifu kwamba Ofisi ya Sinema ilijibu tarehe 11 Septemba. Ilishukuru kwa maoni juu ya nguo, ikasema yatafikiriwa. Haikukubali mfasiri aseme maneno yake, hata kwa kutangaza. Bw. Jilo aliondolewa katika kazi ya sinema na anaendelea kuwa mwinjilisti wa mtaa. Gari lilivuka tarehe 6 Oktoba likiwa na msomaji wake, kijana mpole kutoka mahali pengine anayekijua Kipokomo kidogo, likaonyesha picha ile ile Tarasaa.

Bibi Asenath aliarifu kwamba msomaji aliisoma karatasi yote vizuri. Watu walicheka palepale walipocheka zamani. Tomaso alipotokea na suti, walianza kuinuka. Ndipo Mzee Komora, aliyekuwa amekwenda huko kwa miguu pamoja na mkewe, aliposimama katikati ya watu. Marta alikuwa ametokea mlangoni. Mzee alisema kwa sauti iliyosikika mpaka nyuma:

"Ndugu zangu, kaeni. Hapo bado. Huyu mama bado anasikiliza miguu."

Waliokuwa wameinuka waliketi. Msomaji alisimama akitafuta mstari huo katika karatasi, na picha ikaisha kabla hajaupata. Mwanamke mmoja wa Tarasaa aliuliza, miguu ya nani. Mzee alijibu kwamba ni yake yeye, Yona Komora, akawaeleza kwa nini. Watu walikaa muda mrefu. Bw. Jilo alikuwapo, ameketi pamoja na watu.

Mwalimu Kaviha alisema kwamba, kwa haki, aliyoyafanya Mwenyekiti ni yale yale aliyoshitakiwa Bw. Jilo, tena Mwenyekiti hakuwa mfasiri wala hakuombwa kusema. Aliuliza Kamati itachukua hatua gani. Mwenyekiti alitoka katika kiti, akamkabidhi Mwalimu Kaviha mwenyewe aongoze sehemu hiyo, akaketi upande wa wajumbe. Alisema kwamba alifanya kwa kujua, hana udhuru, na kabla ya kusimama aliomba ruhusa.

Mwalimu Kaviha alimwuliza aliomba kwa nani, kwa kuwa Katibu hana barua yoyote ya ruhusa.

Mzee Komora alimwonyesha Bibi Priscilla kwa kidevu.

Mwalimu Kaviha alimtazama Bibi Priscilla, kisha akauliza kama kuna mjumbe mwenye pendekezo. Hakukuwa na pendekezo. Alisema basi jambo hilo limefungwa, akarudisha kiti.

Juu ya KUMB. NA. 7, Katibu alisoma maneno yote ya Bibi Priscilla mbele ya Kamati, akauliza tena kama yaende kwa Baraza au yafupishwe. Bibi Priscilla alisema Mwenyekiti aamue, kwa kuwa habari itakayosomwa na Baraza ni yake. Mwenyekiti aliomba asomewe mara ya pili. Aliposikia alirekebisha jambo moja tu: watoto hawakuwa wakichambua mboga, walikuwa wakimenya mbegu za maboga, yeye aliwakuta siku moja akawauliza kwa nini hawafanyi kazi hiyo nyumbani, na Lidia, mkubwa wao, alimwambia kwamba nyumbani mwanga ni kidogo. Alisema kwamba aliamini.

Bibi Priscilla alisema ni kweli, zilikuwa mbegu. Imerekebishwa kwa maelezo haya. Nakala iende nzima.

Zikathibitishwa na kutiwa sahihi mbele ya wajumbe, saa kumi alasiri.

Y. Komora
Mwenyekiti

N. Karisa
Katibu